Visu na fito za kuchuna mdalasini: nani ametengeneza hapa kwetu?

Fundi_Kadutu

Jambo yenu wote. Mimi ni fundi wa chuma, atelye yangu iko Kadutu, Bukavu. Kazi yangu ya kila siku ni majembe, nyengo, visu vya mihogo na madirisha. Juzi mzee mmoja wa upande wa Fizi, mwenye miti ya mdalasini karibu na Ziwa Tanganyika, alinifikia na kisu chake mkononi akaniomba nimfulie kingine kilicho bora. Kisu chenyewe ni cha jikoni, kimenolewa mpaka kimebaki ukanda. Alibeba pia mfuko wa magome: vipande vifupi vya kila ukubwa, vingine vimepasuka kwa urefu, vingine vina madoa meusi. Mnunuzi wa Uvira aliyatazama akatoa bei ya kuni.

Ningeweza kumfulia kisu, nikapokea pesa yangu, tukaagana. Lakini nimeuliza huku na huku, nimesoma, nimetazama video za wachunaji wa Sri Lanka, na naona kisu ni sehemu ndogo tu ya shida yake. Naweka hapa nilichopata, wenye ujuzi mchangie.

Mdalasini wa Sri Lanka, Cinnamomum verum, hauachwi uwe mti mrefu. Unakatwa karibu na ardhi, kisiki kinachipua, na machipukizi yakifikisha miaka miwili hivi, unene wa kidole gumba au kuzidi kidogo, ndiyo yanavunwa. Kisiki kinachipua tena, na shamba linakwenda hivyo miaka mingi. Gome linalouzwa ni la ndani. Ngozi ya nje inakwanguliwa na kutupwa.

Fimbo ikishakatwa na kuondolewa matawi, mchunaji anaikwangua kwa kisu chenye ubapa uliopinda. Halafu anachukua fito ya shaba ya manjano, anaisugulia fimbo yote kwa nguvu, kwenda na kurudi. Hapo ndipo gome linapoanza kuachana na mti. Baadaye anachanja duara kuzunguka fimbo, anachanja mistari miwili ya urefu, mmoja kila upande, anaingiza ncha ya kisu kidogo chini ya gome na kulibandua likatoka nusu mbili nzima. Nusu hizo zinapachikwa, ndogo ndani ya kubwa, zinaunganishwa mpaka mrija unafika inchi 42, yaani karibu sentimita 107, na uwazi wa ndani unajazwa vipande vidogo. Mirija inakauka kivulini juu ya kamba siku nne hadi saba, na kila siku inaviringishwa kwa mkono ili ikaze. Myembamba ndiyo ghali. Daraja la juu kabisa, Alba, ni ile ambayo kipenyo chake hakizidi milimita 6.

Sasa tazameni. Kukwangua kunataka makali mafupi yaliyopinda kufuata mviringo wa fimbo, yasiyochimba. Kuchanja kunataka ncha kali inayoishia kwenye gome bila kuzama ndani ya mti. Kubandua kunataka ncha nyembamba, butu kiasi, inayosukuma badala ya kukata. Mzee anafanya zote tatu kwa kisu kimoja kilichonyooka. Na kusugua, ambako hakuhusu kisu hata kidogo, hakufanyi kabisa. Anang'oa gome kwa nguvu, nalo linapasuka.

Ninachotaka kujua: chuma gani kwa kila kisu, fito ya shaba tunaipata wapi, na mchunaji akae vipi. Wale wa Sri Lanka wengi wanakaa chini sakafuni, mti kati ya miguu, kutwa nzima. Mgongo wangu ulianza kuuma kwa kutazama tu.

Mwana_wa_Kabare

Ndugu fundi, unajipa kazi bure. Sisi huku Kabare tumechuna kinkina, mti wa dawa ya malaria (kinini), tangu enzi za mashamba ya wazungu. Mti unaangushwa, shina linapigwa kwa nyundo ya mti pande zote, gome linaachia lenyewe, panga linamalizia. Pharmakina hapa hapa Bukavu wanatoa kinini kwenye magome ya namna hiyo, na sijawahi kusikia habari ya fito ya shaba wala kisu cha kupinda. Gome ni gome.

Fundi_Kadutu

Hapana, yaya, na nashukuru umeleta kinkina maana inanisaidia kueleza.

Gome la kinkina likifika kiwandani linasagwa na kinini inatolewa kwa kemikali. Hakuna atakayeuliza kipande kilikuwa kirefu kiasi gani. Mvunaji wa kinkina analipwa kwa kilo, kwa hiyo zana yake inatakiwa kutoa kilo nyingi kwa haraka, na nyundo inafaa kabisa. Mdalasini unauzwa kwa sura. Gome hilo hilo, mti huo huo, likiwa mrija mzima lina bei yake, likiwa vipande linashuka, likiwa mabaki ya kukwangua linakwenda kusagwa au kukamuliwa mafuta. Gome la fimbo changa likikauka ni jembamba sana, chini ya milimita moja. Ukilipiga nyundo umelivunja kabla ya kulitoa.

Kwa hiyo zana ya mdalasini naipima kwa urefu wa kipande kizima kinachotoka. Mtu akiniletea kisu kinachochuna mara mbili haraka lakini kinatoa vipande vya shubiri moja, kwangu hakijaboresha kitu.

Mashine_Tu

Karne hii bado mnafua visu? Fungeni mota ya pikipiki kwenye brashi ya waya, ikwangue yenyewe.

Fundi_Kadutu

Fimbo za mdalasini hazinyooki wala hazilingani unene, na brashi ya waya haijui ngozi ya nje inaishia wapi. Tena petroli. Pita.

Mwana_wa_Kabare

Sawa, kwenye kilo na urefu nimekuelewa. Ila swali la mtu aliyechuna magome, si la fundi: huyo mzee anachuna mwezi gani? Hata kinkina wakati wa jua kali unapiga nyundo mpaka mkono unakufa ganzi na gome limeshika mti. Wakati wa mvua linaachia kirahisi. Mvua zetu ni Septemba hadi Mei. Kama anachuna kiangazi, mletee hata kisu cha daktari wa upasuaji, atapasua tu.

Binti_wa_Baraka

Jambo papa fundi, jambo papa wa Kabare. Mzee mnayemsema ni baba yangu, niko namsomea maneno yenu hapa Baraka, anacheka. Anasema anachuna mwezi wa saba. Sababu ni mbili: wakati wa mvua wote tuko kwenye mihogo na mpunga, na mwezi wa saba gome linakauka siku chache bila ukungu. Anasema pia miti yake hakuwahi kuikata chini. Ilipandwa kwa mbegu za kutoka Kigoma, ikaachwa ikue, sasa inazidi nyumba. Anachuna matawi na upande wa shina.

Kuhusu madoa meusi anauliza ni ugonjwa?

Agronome_Idjwi

Mwana_wa_Kabare amegusa penyewe. Kati ya gome na mti kuna tabaka jembamba linalozaa chembe (seli) mpya. Mti ukiwa na maji na unakua, chembe hizo ni laini, zimejaa maji, zinakatika kwa kusukumwa kidogo. Kiangazi zinakakamaa na gome linashikana na mti. Fito inayosugua inafanya kazi ya kuzivunja hizo chembe laini kabla ya kubandua. Kama zimekauka, msugue hadi jioni.

Ila mvua peke yake haitoshi. Mdalasini ukitoa majani mapya huwa mekundu kabisa, na wakati huo gome halitoki vizuri. Mngoje yageuke kijani na kukakamaa kidogo, ndipo mkate. Jaribuni kwenye tawi moja kwa ncha ya kisu: likiachia, kata, likigoma, rudi baada ya wiki. Kata asubuhi mapema, chuna siku hiyo hiyo. Fimbo zinazosubiri zifunikwe gunia lililoloweshwa, ziwe kivulini.

Miti iliyozidi nyumba: chagueni michache kwanza, ikatwe chini kabisa mwanzoni mwa mvua, mkato ukae mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki. Tumieni msumeno. Panga linapasua kisiki, na kisiki kilichopasuka kinaoza badala ya kuchipua. Wenye kahawa hapa Idjwi na Kalehe wanajua jambo hili, tunakata mibuni mizee chini tukiitaka ichipue upya, kanuni haibadiliki. Machipukizi yakitoka, acheni machache yaliyonyooka na kuondoa mengine, la sivyo mtavuna fimbo za kombo, na fimbo ya kombo haitoi mrija hata ukiwa na kisu cha dhahabu.

Naongeza moja kwa Bukavu: msikimbilie kupanda huku juu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, baridi kwa mti huu. Tanganyika ni kama mita 770, joto lipo. Fizi wako mahali pazuri kuliko sisi.

Fundi_Kadutu

Binti, mwambie mzee madoa meusi si ugonjwa. Ni chuma chake. Gome la mdalasini lina tanini, kile kitu chenye ukakasi, na tanini ikikutana na chuma cha kawaida penye maji inatoa weusi. Mama yako akimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma, ubapa unabaki mweusi. Ni kitu kile kile. Ndiyo maana fito ya wale wa Sri Lanka ni ya shaba, na visu vyao vya kuchunia siku hizi ni vya inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu.

Kwa hiyo mpango wangu wa chuma ni huu. Kikwanguzi nilitaka kukifua kwa lame (bamba) ya springi ya gari, maana ni chuma kigumu na Kadutu hakikosekani. Lakini hata hicho kinagusa gome la ndani kikipitiliza, na hakuna mchunaji asiyepitiliza. Nimeamua visu vyote vitatu vya kuchunia viwe inoksi, springi ibaki kwa msumeno na kisu cha kukatia matawi.

Kwa mafundi wenzangu: inoksi haifanani yote. Beba sumaku sokoni. Vijiko na sufuria nyingi sumaku haishiki, au inashika kidogo sana, na inoksi hiyo hata uipashe moto namna gani haikazi, makali yanalala. Visu vya mezani vya zamani, ule ubapa wake, sumaku inashika sawasawa, na huo unapokea makali. Natafuta visu hivyo vya mezani vilivyovunjika mpini, nakata ubapa, nausaga polepole kwenye jiwe nikichovya majini kila mara ili usigeuke bluu. Ukigeuka bluu, ugumu wake umeondoka, na inoksi hairudishiki kwa moto wa mkaa kirahisi.

Springi ni habari nyingine. Naipasha mpaka sumaku iache kuishika, naongeza kidogo, naizamisha kwenye mafuta ya mawese yaliyopashwa yakawa majimaji. Naikwangua ing'ae, halafu naipasha tena taratibu, nikitazama rangi: manjano ya majani makavu ikitokea, naitoa. Ikifika bluu itapinda bila kuvunjika, sawa kwa springi ya lori, lakini haishiki makali.

Mama_Viungo

Jambo yenu. Miye niko nauzisha viungo ku soko ya Kadutu, tangawizi, iliki, karafuu, mudalasini. Batu ya hapa habaulizake Alba, habaulizake sentimetre. Banaulizaka paka moja: kipande hii ni bei gani? Ile minene, ngumu, njo inauzika, ju mama wa chai anaitia mu birika asubui mpaka magaribi na harufu ingali. Ile membamba inavunjika mu mufuko, inageuka unga, hasara inabaki kwangu. Sasa hiyo mirija ya metre moja mutaiuzisha kwa nani? Fundi, papa wangu, usimuingize muzee wa batu mu deni ju ya bisu.

Fundi_Kadutu

Mama, jambo. Umenena, na sitaki deni la mtu.

Ile minene ngumu inayojikunja tabaka moja si mti huu. Ni kasia, binamu yake, mwingi unatoka Indonesia, China na Vietnam. Ni rahisi, haiishi harufu upesi, kwa birika la chai siwezi kushindana nayo na sijaribu. Ila ina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini la mtu anayekula nyingi kila siku. Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mdalasini wa Sri Lanka unayo kidogo mno, ndiyo sababu moja ya kuulipia zaidi, na tangu 2022 jina la Ceylon Cinnamon linalindwa huko Ulaya kuwa la kwao peke yao. Sisi tutauza kwa jina la Fizi.

Swali la nani atanunua ni la kweli. Wewe ungeweza kuuza wembamba kwa sura gani?

Mama_Viungo

Kama inakatwa bifupi, sawa kidole ya kati, inafungwa na uzi tano tano, mu sachet, haitavunjika. Kuko bamama banafanya mikate na mandazi, banapenda kusaga ku nyumba ju unga ya ku soko habaiamini, banasema iko na kitu kingine ndani. Ile minene kinu inaishinda. Membamba inasagika. Hao njo banaweza kununua. Lakini ikuye kavu! Moja ikiwa na ukungu, sachet yote naitupa.

Fundi_Kadutu

Aksanti mama. Hiyo inabadilisha mpango. Mrija wa sentimita 107 basi hautuhusu kwa sasa. Tunahitaji vipande vizima vya kama sentimita 30 vikiwa vibichi, vipachikwe, vikauke, halafu vikatwe kwa msumeno wa meno madogo ndani ya kisanduku chenye mfereji, kama kile cha maseremala cha kukatia fremu. Ukikata kwa kisu mrija unasagika mdomoni.

Lushi_Shaba

Bonjour kutoka Lubumbashi. Nyinyi watu wa Kivu mnatafuta shaba na Katanga iko pale! Shaba ya manjano ni shaba nyekundu na zinki. Shaba tunayo, zinki iko Kipushi, mgodi uko karibu kilomita 30 na mji. Fundi, nina robine (koki za maji) za zamani na vali za mabomba, kilo kwa kilo. Naweza kuziyeyusha nikakumwagia fito za unene unaotaka, nakutumia kwa ndege au kwa njia ya Kalemie, halafu boti.

Agronome_Idjwi

Lushi, ngoja. Robine na vali, shaba yake ya manjano mara nyingi huwekwa madini ya risasi (plomb), hadi asilimia 3 hivi, ili ichongeke vizuri kwenye mashine. Fito ya mdalasini inasuguliwa kwa nguvu kwenye gome bichi kutwa nzima. Chembe zake zinabaki kwenye gome, na gome linaliwa. Mwaka 2023 Marekani kulikuwa na kisa cha watoto wengi waliokutwa na risasi mwilini baada ya kula tufaha lililopondwa lenye mdalasini. Risasi ilitoka kwenye unga wa mdalasini, uliosagwa Ecuador. Kule ilikuwa nyingi mno, si ya fito. Lakini kwa nini tuanze na chuma chenye risasi wakati tunaweza kuikwepa?

Lushi_Shaba

Basi nachanganya mwenyewe shaba safi na zinki safi, bila robine.

Fundi_Kadutu

Ndugu, ukifanya hivyo fanya nje, upepo ukiwa mgongoni. Shaba inayeyuka kwenye digrii 1,085, zinki inachemka kwenye 907. Maana yake ukitia zinki kwenye shaba iliyoyeyuka, sehemu inaruka moshi mweupe papo hapo, na mafundi wanaovuta moshi ule wanalala usiku na homa na kutetemeka wakidhani ni malaria. Sikukatazi, kazi yako unaijua, ila mimi atelye yangu ina dari ya chini.

Nimepata njia nyingine. Wanaotengeneza reli za ngazi na balkoni hapa mjini wanabakiza vipande vya bomba la inoksi. Nimechukua kipande cha urefu wa dhiraa moja hivi, nimejaza mchanga mkavu ili kiwe kizito, nimeziba ncha zote mbili kwa kuchomelea, nimelainisha mishono na kuisugua kwa msasa mpaka vidole havihisi kitu. Hakina risasi, hakitii weusi, na kitu kinachofanya kazi ni ulaini na uzito. Jina la madini halisugui.

Mwana_wa_Kabare

Na mti mgumu? Bibi zetu walisugua ngozi kwa mti.

Fundi_Kadutu

Utafaa kwa kuanzia. Unachakaa na kupata makovu, na kovu linachana gome. Mwenye mti mgumu usio na utomvu wa rangi ajaribu, akiona umekwaruza aupige msasa.

Seremala_Birere

Salamu toka Goma. Naona wote mko kwenye vyuma, hakuna aliyejibu habari ya kukaa. Mimi ni seremala, chukudu, ile baiskeli ya mti ya kubebea mizigo, ndiyo ugali wangu, mikaratusi naijua.

Tengenezeni benchi ambalo mtu anakaa kwa kulipanda, mguu huku na mguu huku. Mbele yake kuwe na ubao ulioinuka kidogo, juu yake mfereji wa umbo la V, fimbo inalala humo haizunguki ovyo. Juu ya mfereji kichwa cha mti kinachobana, kimefungwa kwenye nguzo inayopita katikati ya benchi hadi chini, na chini kuna kipande cha kukanyagia. Ukisukuma kwa miguu, kichwa kinashuka kinaishika fimbo. Ukiachia, fimbo iko huru, unaigeuza. Mikono yote miwili inabaki kwa kazi. Mtu anakwangua akivuta kuelekea kwake, mgongo umenyooka, nguvu inatoka miguuni.

Kichwa kinachobana kivalishwe mpira wa tairi, la sivyo kitaacha alama kwenye gome. Tena msigongomee misumari kwenye mfereji, tumieni vigingi vya mti, maana fundi amesema chuma kinatia weusi. Urefu wa benchi ufuate atakayelikalia. Mpimeni goti kwanza.

Binti_wa_Baraka

Papa Seremala, hilo benchi limemfurahisha mama kuliko visu vyote. Nilisahau kusema: anayekwangua ni mama na shangazi, mzee anakata na kubandua. Mama ni wa mkono wa kushoto.

Na kukausha wakati wa mvua? Ndiyo shida iliyotupeleka mwezi wa saba.

Agronome_Idjwi

Kivuli chenye upepo, si jiko. Moshi unaharibu harufu na mnunuzi anausikia mara moja. Chini ya paa la bati, juu kabisa ambako joto linakusanyika, funga kamba za katani safu mbili tatu, mirija ilale juu yake bila kugusana. Pande ziwe wazi lakini mvua ya mshazari isiingie. Usiku wa unyevu shusheni muingize ndani. Msianike juani: gome linajikunja haraka, linapasuka na rangi inapauka. Sri Lanka wengine wanafukiza salfa ili rangi ipendeze na wadudu wafe. Kwa sachet za Mama_Viungo hamhitaji, na salfa ina vikomo vyake kwenye soko la nje.

Kazi ya mvua ipunguzeni ukubwa. Mkikata fimbo nyingi kuliko mnazochuna kwa siku, mtakuwa na ukungu. Kateni za siku moja.

Fundi_Kadutu

Seti ya kwanza imekamilika, naieleza kwa anayetaka kuiga.

Kikwanguzi: ubapa wa kisu cha mezani, urefu wa vidole vinne, nimeupinda uwe na tao dogo, makali upande wa ndani wa tao. Nimenoa upande mmoja tu. Upande wa pili uko bapa na unateleza juu ya gome, kwa hiyo kinaondoa ngozi bila kuzama. Mpini wa mti unakaa kwa pembe na ubapa, ili kifundo cha mkono kisipinde wakati wa kuvuta. Nilikijaribu kwenye matawi ya mparachichi wa jirani, ukoo mmoja na mdalasini, ngozi ilitoka utepe mrefu na chini pamebaki kijani cheupe bila mkwaruzo.

Kisu cha kuchanjia: ncha fupi, na nyuma ya ncha nimechomelea kizuizi kidogo cha inoksi, kiasi kwamba kinachozama ni kama milimita moja na nusu tu. Kwa fimbo nene zaidi kizuizi kinasagwa kidogo.

Kibanduzi: hiki sikukinoa. Nimekisaga kikawa chembamba, nimezungusha ncha, nimekipinda juu kidogo. Kinaingia kwenye mchanjo na kutembea chini ya gome kikisukumwa kwa kidole gumba. Mtu atashawishika kukinoa nyumbani. Binti, mwambie mzee asikinoe.

Kwa mama wa mkono wa kushoto nafua kikwanguzi cha pili, makali yamenolewa upande wa pili na pembe ya mpini imegeuzwa. Akitumia cha kulia kitachimba. Shangazi abaki na cha kulia, na nimevifunga mpira wa rangi tofauti kwenye mipini visichanganyike.

Mwana_wa_Kabare

Kile chenye kizuizi nifulie na mimi, kikubwa. Si kwa kinkina. Nina miti michache ya Prunus africana, ule ambao gome lake ni dawa, ambayo watu wanaichuna kuzunguka shina lote na kuiua. Ukichuna upande mmoja na upande unaokabiliana nao, bila kukata mti wenyewe, unapona. Kizuizi kingesaidia vijana wasizame.

Fundi_Kadutu

Hicho nitakifanya, gome lake ni nene, nitumie kipande nipime kina. Ila mti huo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hakikisha karatasi zako za kuuza ziko sawa kabla ya kuchuna.

Binti_wa_Baraka

Papa fundi, mzee anasema mwezi wa tisa hawezi kungoja, tayari ameweka alama miti mitatu ya kukata chini mvua ikianza. Kisu cha mama kitafika lini?

Fundi_Kadutu

Barabara ya Uvira ikiruhusu, kinaondoka na lori la chumvi wiki ijayo, pamoja na fito na kisanduku cha kukatia. Benchi mtalitengeneza huko huko. Seremala_Birere, mchore vizuri umtumie, na uandike kipimo cha nguzo ya katikati, maana nikiangalia maelezo yako sioni inazunguka kwenye kigingi cha unene gani.

Seremala_Birere

Kigingi unene wa kidole gumba cha mtu mzima, mti mgumu, kipakwe mafuta ya mawese. Nachora leo jioni, umeme ukirudi natuma picha.